"Tisa kwa kumi, kwa maelezo yake": uchambuzi wa kisa cha binti mwenye selimundu

Kwenye faili la usiku ule kuna mstari nilioandika mimi: "Maumivu 9/10, kwa maelezo yake." Maneno matatu ya mwisho hayakuwa na kazi pale. Maumivu ya mtu yeyote hupimwa kwa maelezo yake. Kipimo kingine hakipo. Niliyaandika kwa sababu sikumwamini, na kila aliyelifungua faili baada yangu aliupokea wasiwasi wangu kabla hajamwona mgonjwa. Nataka kulieleza hilo na saa tano zilizofuata, kisha nieleze tulichokibadilisha tulipokuja kuketi na mgonjwa mwenyewe.

Ni binti wa miaka 23, mwanafunzi wa chuo, mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ya aina ya SS (amerithi kinasaba chake kwa wazazi wote wawili), iliyogunduliwa akiwa na mwaka mmoja. Ameridhia kisa chake kiandikwe, na andiko hili amelisoma kabla ya mtu mwingine yeyote. Yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura, na ndimi niliyempokea.

Usiku wenyewe

Alifika saa 4:10 usiku, akisindikizwa na dada yake mkubwa. Maumivu yalikuwa na siku mbili, kiunoni na kwenye mapaja yote mawili. Nyumbani alikuwa ameshameza parasetamoli, ibuprofeni na vidonge vya kodeini alivyopewa kliniki, mpaka vikaisha. Saa 4:22 nilimpima: mapigo ya moyo 92, presha 118/74, joto 37.2, oksijeni asilimia 97. Alikuwa ameketi wima, kimya, akicheza kwenye simu ule mchezo wa kupanga mipira ya rangi. Nilipomuuliza maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi alisema "tisa" bila kuinua macho, na kidole chake kikaendelea kusogeza mipira.

Mtu mwenye tisa kwa kumi hachezi simu. Ndivyo nilivyowaza, na namba zangu ziliniunga mkono: mapigo hayakwenda mbio, presha ilikuwa shwari, jasho hakuna. Nikampanga kundi la njano, wale wanaoweza kusubiri.

Daktari alimwona saa 5:25. Binti akamweleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi: "Dokta, mimi huwa nasaidika na mofini miligramu tano kwenye mshipa, halafu narudiwa baada ya dakika ishirini kama bado. Diklofenaki peke yake hainifikii." Mgonjwa wa kisukari akituambia anachoma yuniti 12 za insulini asubuhi na 8 jioni, tunamsifu kwa kuzijua dawa zake. Huyu alipotaja dawa yake na dozi yake, daktari alinitazama, nami nikamtazama. Hatukusemezana. Akaandikiwa sindano ya diklofenaki ya msuli na vidonge vya parasetamoli, na alivipata saa 6:05. Dakika 115 tangu alipofika.

Saa 7 majibu ya damu yalirudi: hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, 7.1. Daktari akaagiza chupa mbili za damu ziandaliwe. Binti akasema kawaida yake ni saba na nusu. Jibu hilo halikuandikwa popote.

Saa 8:05 dada yake alitoka akasimama katikati ya korido na kusema kwa sauti iliyofika hadi mapokezi: "Mdogo wangu ameacha kucheza! Hamwoni? Ameacha kucheza!" Hatukuelewa anamaanisha nini. Tulichoona ni ndugu wa mgonjwa aliyechoka na anayepiga kelele. Lakini daktari alirudi kitandani, akamkuta amejikunja ubavuni, simu iko sakafuni, na ndipo alipoandika mofini.

Mofini yenyewe iliingia mwilini saa 9:30. Zile dakika 85 za mwisho zilikwenda hivi: ufunguo wa kabati la dawa zinazodhibitiwa alikuwa nao msimamizi wa zamu, naye alikuwa wodi nyingine akishughulikia mgonjwa aliyezidiwa. Ulipopatikana, ikahitajika sahihi ya mtu wa pili. Halafu mshipa. Tulichoma mkono wa kushoto mara tatu tukakosa, ilhali alikuwa ametuambia tangu mwanzo kwamba mkono wa kushoto umekwisha, tujaribu upande wa nje wa mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Mara ya nne tulijaribu hapo. Uliingia mara moja.

Saa tano na dakika ishirini, basi, tangu alipovuka mlango.

Wodini aliandikiwa mofini kila baada ya saa sita "ikihitajika". Mofini ya mshipa hufanya kazi kwa saa tatu hadi nne. Hesabu inaonyesha wazi kwamba kila dozi ilimwachia angalau saa mbili za kuumia bila kitu, na neno "ikihitajika" lilimtaka ajieleze upya kila mara. Usiku wa pili aliomba mara nne, akapewa mara mbili. Chati ya wauguzi ina maandishi haya: "Mgonjwa anatazama saa."

Siku ya tatu asubuhi joto lilipanda hadi 38.4, oksijeni ikashuka hadi 90, akalalamika kifua kikimchoma anapovuta pumzi. Eksirei ilionyesha kivuli kipya chini ya pafu la kulia. Hemoglobini sasa ilikuwa 5.9. Hiyo ilikuwa sindromu kali ya kifua, miongoni mwa mambo yanayoua zaidi watu wazima wenye selimundu. Alipewa oksijeni, viuavijasumu na damu. Aliponea hapo, akakaa hospitali siku 11.

Tulichokiona tulipoketi na faili

Kikao cha kwanza cha kupitia kisa tulikifanya bila yeye, kama tulivyozoea. Tulimaliza kwa nusu saa na kuandika kwamba kulikuwa na "ucheleweshaji uliotokana na wingi wa wagonjwa". Ni daktari mmoja kijana aliyeuliza mbona kila mtu kwenye faili hili amesema isipokuwa mwenye faili. Tukamwalika. Alikuja na dada yake, akakaa saa moja na nusu, na aliyotueleza ndiyo yaliyonifanya niandike.

Nilimuuliza kuhusu simu. Alisema alianza akiwa na miaka tisa, kwanza kwa kuhesabu vigae vya ukutani, baadaye kwa mchezo ule. "Sista, nikiacha kupanga, nalia. Nikilia, mwili unakaza, na ukikaza maumivu yanazidi. Kwa hiyo napanga. Nikishindwa kupanga, ujue nimefika mwisho." Dada yake aliliona hilo kutoka upande wa pili wa chumba. Mimi, mwenye mashine tatu za kupimia, sikuliona.

Jambo hili halimhusu yeye peke yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 uliwaomba watu wazima 232 wenye selimundu waandike hali zao kila siku kwenye daftari. Waliumwa katika zaidi ya nusu ya siku zote zilizoandikwa, ila siku walizokwenda kutafuta huduma ya ghafla hazikufika nne katika kila mia. Maumivu mengi, basi, huishia nyumbani, kwa vidonge, kwa maji ya moto, kwa kujifunga shuka na kusubiri. Anayekuja dharura ameshayajaribu hayo yote na yamegoma. Na mtu anayeishi na maumivu tangu utotoni hujifunza kuyabeba bila kuonyesha. Mapigo ya moyo na presha vinaweza kubaki vya kawaida kabisa. Miongozo ya tiba imelisema hilo kwa miaka mingi: dalili za mwili zisitumike kuyakanusha maneno ya mgonjwa. Niliwahi kuisoma. Usiku ule niliamini namba.

Kilichoniumiza zaidi ni maneno aliyoyasema kuhusu kutaja dozi. Alisema kuna hospitali ambako huwa hasemi chochote, anaumia tu mpaka daktari afikirie mwenyewe, kwa sababu akitaja mofini "wananiona teja". Kwa hiyo ujuzi aliokusanya kwa miaka ishirini juu ya mwili wake anauficha ili aaminike. Na sisi tunautengeneza uteja huo kwa mikono yetu: tunampa dozi inayoisha saa ya nne, tunamwambia arudi saa ya sita, kisha tunaandika kwamba anatazama saa. Yeyote aliyeachwa na pengo la saa mbili atatazama saa. Uraibu upo, na anayetumia mofini lazima aangaliwe. Lakini dalili tuliyoiandika sisi ilikuwa dalili ya dozi mbaya.

Uingereza walilichunguza jambo hili kitaifa. Ripoti ya kundi la wabunge iliyotoka Novemba 2021 ilieleza wagonjwa wa selimundu wasioaminiwa, wanaocheleweshewa dawa za maumivu, na wanaohudumiwa na watu wasioujua ugonjwa wao. Nilipoisoma baada ya kisa hiki nilihisi kama imeandikwa kutoka kwenye korido yetu.

Inashangaza kwa ugonjwa uliofahamika mapema namna hii. Mwaka 1910 James Herrick wa Chicago alichapisha maelezo ya chembe nyekundu za damu zilizopinda kama mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro iko kwenye molekuli ya hemoglobini yenyewe, na selimundu ukawa ugonjwa wa kwanza kuelezwa kwa kiwango hicho. Tunajua ni asidi moja tu ya amino iliyobadilika, valini ikakaa mahali pa glutamati. Tunajua chembe hizo huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, na kwamba zikiishiwa oksijeni hukakamaa na kuziba mishipa midogo, mfupa ukakosa damu. Kwa maneno mengine, tunajua kwa nini anaumia. Kumwamini anaposema anaumia ndiko kumetushinda.

Kutoka kiunoni hadi kifuani

Sitadai kwamba mofini ya mapema ingekizuia kile kifua. Sindromu hiyo ina njia nyingi: maambukizi, mafuta yanayotoka kwenye uboho wa mfupa uliokufa, mishipa ya mapafu kuziba. Ila kuna njia moja tuliyoifungua sisi. Mtu anayeumwa kiuno, mgongo au mbavu huvuta pumzi fupi fupi kwa sababu pumzi ndefu inachoma. Sehemu za chini za mapafu hazifunguki, oksijeni inapungua mahali hapo, chembe zinapinda, mishipa inaziba, oksijeni inapungua zaidi. Dozi ndogo mno ya dawa ya maumivu hufikisha watu huko. Dozi kubwa mno nayo hufikisha huko kwa njia nyingine, kwa kumlaza mtu hadi asahau kupumua vizuri. Ndiyo maana mofini inatakiwa ipimwe kwa mgonjwa huyu, kwa kurudi kumwangalia: maumivu ni ngapi sasa, anaamka ukimwita, anapumua mara ngapi kwa dakika.

Kuna kifaa kidogo cha plastiki chenye mpira ndani, mgonjwa anavuta pumzi mpaka mpira upande. Tangu mwaka 1995 inajulikana kwamba kuvuta pumzi ndefu kumi kwa kifaa hicho kila saa mbili mchana na jioni, mgonjwa akiwa macho, hupunguza matatizo ya mapafu kwa wagonjwa wa selimundu waliolazwa na maumivu ya kifua au mgongo. Tulikuwa navyo stoo, ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa. Na hata tungempa, asingeweza kuvuta pumzi ndefu kumi akiwa na maumivu ya tisa. Dawa kwanza, kisha pumzi.

Kuhusu muda hakuna cha kujadili. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2012 unataka dawa ya maumivu itolewe ndani ya dakika 30 tangu mgonjwa afike, na aangaliwe upya kila dakika 30 hadi apate nafuu. Ule wa chama cha wataalamu wa damu wa Marekani wa mwaka 2020 unasema ndani ya saa moja, na kurudi kumwangalia kila dakika 30 hadi 60. Sisi tulitumia dakika 320.

Nikiri jambo jingine: mwanzoni nilidhani tatizo ni roho zetu, kwamba tukifundishwa huruma mambo yatanyooka. Tulipopanga dakika 320 mezani tuliona kwamba dakika 52 zilikuwa za ufunguo tu. Muuguzi mwenye huruma kuliko wote asingeweza kulifungua kabati lile. Huduma inayomzingatia mgonjwa ina tabia ya mhudumu ndani yake, ndiyo, lakini ina pia ufunguo, sahihi, karatasi iliyo mahali sahihi, na mtu aliyepewa ruhusa ya kuanza.

Dawa aliyoiacha

Kadi yake ya kliniki ilisema anatumia haidroksiyurea. Kwenye faili letu nami niliandika hivyo hivyo, kwani nilimuuliza "Dawa unatumia?" akajibu "Ndiyo." Katika kikao yule daktari kijana aliuliza kwa namna nyingine: "Wiki iliyopita ulimeza siku ngapi?" Binti akanyamaza, akamtazama dada yake, kisha akasema hajaimeza kwa miezi saba.

Sababu yake ilikuwa nzito. Amechumbiwa, na mtu alimwambia dawa ile itamfunga kizazi. Kliniki walimpima damu kila baada ya miezi miwili, wakamwambia hesabu ya chembe iko sawa au haiko sawa, wakamwongezea dozi. Hakuna aliyemuuliza anataka nini na maisha yake, naye hakuona pa kuliingizia swali lile.

Haidroksiyurea ni dawa kubwa kwa ugonjwa huu. Inauamsha mwili utengeneze zaidi hemoglobini ya kitoto, ambayo haipindi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 ulionyesha inapunguza vipindi vya maumivu kwa karibu nusu kwa watu wazima, na ule uliofanywa Angola, Kongo, Uganda na Kenya, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha watoto wanaoitumia wanapata maumivu machache zaidi, wanaongezewa damu mara chache zaidi, na vifo vinapungua. Kuiacha kwa miezi saba huenda ndiko kulikomleta kwetu. Lakini ukimwambia tu "meza dawa" bila kuligusa swali la mtoto, atakuitikia na kutoimeza.

Mazungumzo yaliyomfaa yalichukua dakika arobaini, na mchumba wake alikuja. Daktari wa damu aliwaeleza kwamba kwa mwanamke hakuna ushahidi imara kuwa dawa hiyo inafunga kizazi. Kwamba anashauriwa azuie mimba anapoitumia, kwa kuwa usalama wake kwa mtoto aliye tumboni haujathibitishwa. Na kwamba wakiamua kutafuta mtoto waje mapema ili isimamishwe kwa mpango, akiwa chini ya uangalizi, kwani ujauzito wenyewe unaongeza hatari kwa mwenye selimundu. Kisha mchumba akapimwa. Akikutwa AA, yaani hana kinasaba cha selimundu, watoto wote watachukua kinasaba kimoja tu na hawataugua. Akikutwa AS, yaani anacho kimoja, kila mimba ina nafasi ya nusu kwa nusu ya kupata mtoto anayeugua. Majibu yake ni yao, sitayataja. Alirudi kwenye dawa wiki ile ile, kwa kupenda mwenyewe.

Karatasi moja

Alichotuomba katika kikao kilikuwa kidogo kuliko tulivyotarajia. Alisema: "Nisianze kujieleza upya wakati siwezi kuongea." Kutokana na hilo tuliandika mpango wake, upande mmoja wa karatasi, tukiwa naye mezani akiwa mzima. Hilo la kuwa mzima nalisisitiza. Saa nane za usiku si wakati wa kubishana kuhusu dozi; hoja ya kwamba anastahili mofini au la ilitakiwa iishe mchana, na mtaalamu wake, kwa sahihi.

Juu kabisa uzito wake, kilo 48, kwa sababu dozi hutokana nao. Kisha kawaida yake: hemoglobini 7.5, oksijeni 96. Mstari huu ndio ambao madaktari wa zamu wanaupenda zaidi, na nadhani wana haki. Zile chupa mbili za damu zilizoagizwa saa 7 usiku zilikuja kusimamishwa asubuhi na daktari aliyelitafuta daftari lake la kliniki. 7.1 kwa mtu wa 7.5 si sababu ya kuongeza damu, na damu isiyo ya lazima humjengea madini ya chuma mwilini na kingamwili zitakazofanya iwe vigumu kumpatia damu inayomfaa siku atakayoihitaji kweli. Siku ya tatu aliihitaji kweli.

Chini yake dawa: mofini miligramu 5 kwenye mshipa ndani ya dakika 30, aangaliwe baada ya dakika 20, irudiwe kwa masharti yaliyoandikwa, kisha dozi za saa maalumu, neno "ikihitajika" likibaki kwa nyongeza tu. Pethidini, dawa nyingine kali ya maumivu, asipewe, kwa kuwa mabaki yake yanaweza kuleta degedege. Sindano za msuli ziepukwe. Mshipa: mkono wa kulia, nje, chini ya kiwiko, na mtu akikosa mara mbili aite mwingine. Maji ya dripu kwa kiasi, maana mapafu yake yakijaa tumemwongezea tatizo. Kifaa cha pumzi tangu saa ya kwanza ya nafuu. Dalili za kumwita mtaalamu bila kungoja asubuhi: oksijeni chini ya 93, joto la 38 na kuendelea, kifua, kichwa kikali cha ghafla, udhaifu wa upande mmoja.

Mistari mitatu ya mwisho aliiandika kwa mkono wake:

"Nikicheza simu, naumwa. Nikiacha kucheza, naumwa sana.
Niambie kabla hujanigusa.
Nikishindwa kuongea, muulize dada yangu."

Nakala moja anayo yeye, nyingine iko kwenye simu yake kama picha, ya tatu kwenye kabrasha jekundu la mapokezi ya dharura. Uongozi ulikubali ufunguo wa pili wa kabati ubaki dharura usiku, ukisainiwa kila zamu. Jambo hilo lilichukua barua tatu na wiki sita, na lilisaidia wagonjwa wa mifupa iliyovunjika na wa saratani kabla halijamsaidia yeye.

Mara ya pili, na ya tatu

Alirudi baada ya miezi mitano, saa 11:50 alfajiri, maumivu yale yale ya kiuno. Muuguzi aliyempokea hakuwahi kumwona. Alisoma kabrasha, akamwambia, "Dada, karatasi yako ninayo, tunaanza." Mofini ya kwanza iliingia dakika ya 24, ya pili dakika ya 46. Saa nne asubuhi aliipa maumivu yake nne na alikuwa anavuta pumzi kwa kile kifaa. Alilazwa usiku mmoja.

Baadaye nilimuuliza nini kilikuwa tofauti, nikitegemea ataitaja mofini. Alisema ni neno "tunaanza". Alisema aliposikia hivyo, mabega yalishuka yenyewe.

Mara ya tatu haikwenda hivyo. Ilikuwa sikukuu, kulikuwa na daktari wa kuazima, na daktari huyo alisema hawezi kufuata karatasi aliyoletewa na mgonjwa. Ilipita saa moja na robo mpaka muuguzi alipompigia simu mtaalamu wa damu. Daktari yule hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kuandika mofini kwa mgonjwa asiyemjua, kwa karatasi isiyo na nembo wala muhuri. Tumeweka muhuri. Tumeweka namba ya simu ya mtaalamu wa zamu juu kabisa, kwa herufi kubwa. Na kila daktari mgeni anaonyeshwa kabrasha jekundu siku yake ya kwanza, kabla ya kuonyeshwa chumba cha kupumzikia.

Kabrasha sasa lina karatasi 31. Wagonjwa wengi zaidi bado hawana, hasa wale waliotoka kliniki ya watoto karibuni. Huko walizoea mama azungumze, daktari awajue kwa majina, na ghafla wamefikisha umri wakaletwa kwetu na faili tupu. Hao ndio ninaowaogopea. Tumeanza kuwafuata kliniki ya watoto mwaka mmoja kabla hawajahama, tunakaa nao, mama anakaa nyuma kidogo, kijana anaongea. Wengine dakika kumi za kwanza hawasemi kitu. Tunasubiri.

Karatasi ya binti huyu tuliipitia upya wiki mbili zilizopita. Uzito umepanda hadi kilo 53, kwa hiyo dozi imebadilika. Hemoglobini yake ya kawaida, tangu arudi kwenye haidroksiyurea, ni 8.6. Kwenye mstari wa mwisho aliongeza jina la mchumba wake baada ya la dada yake. Kisha aliomba faili la usiku ule wa kwanza, akafungua ukurasa wangu, akaweka kidole juu ya yale maneno matatu. Faili la mgonjwa halifutwi. Nilipiga mstari mmoja katikati ya maneno, ili yaendelee kusomeka, nikaandika tarehe na sahihi pembeni, kama utaratibu unavyotaka. "9/10" ikabaki peke yake.